Sikio langu la kulia limekufa: je, kuna tiba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Korogwe, nina miaka 43. Miezi minne iliyopita niliamka asubuhi nikakuta sikio la kulia halisikii kitu, linavuma kama jenereta, na kizunguzungu kikanilaza siku mbili. Zahanati walisema ni nta, nikapewa matone. Wiki ya pili nikapewa antibiotiki. Wiki ya sita ndipo nikamwona daktari wa masikio. Alinipima kwa mashine akasema mshipa wa fahamu umekufa, hakuna dawa, na sikio moja linatosha. Mume wangu amepata mtu anayeuza mafuta ya kufufua sikio. Dada yangu aliyeko Muscat anasema kuna upasuaji wa kuweka mashine kichwani. Mimi mwenyewe nimeona mtandaoni vifaa vya kusikia vya bei nafuu. Nifuate lipi? Na je, hili la pili nalo litakufa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Nianze na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo linalokuamsha usiku. Uziwi wa ghafla wa aina uliyoieleza hushika sikio moja, na ni mara chache sana kulifuata la pili. Sikio lako la kushoto halijahukumiwa. Litunze, na mbele nitakueleza namna ya kulitunza, lakini usiishi ukilisikilizia kila asubuhi kama mtu anayengoja msiba.

Lile neno kwamba sikio moja linatosha sikubaliani nalo. Najua hutamkwa kwa nia ya kumtuliza mgonjwa, na kuna ukweli kidogo ndani yake: utaendelea kuzungumza, kupokea simu, kufundisha. Ila halitoshi, na si mimi peke yangu ninayesema. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake kubwa ya usikivu mwezi Machi 2021, liliweka uziwi wa upande mmoja kama daraja linalojitegemea katika mizani yake ya upungufu wa kusikia. Zamani mizani hiyo ilitazama sikio lililo bora tu, kwa hiyo mtu kama wewe alihesabiwa mzima.

Wewe mwenyewe unajua si mzima. Mwanafunzi wa safu ya dirishani anasema "Mwalimu!" na hujui uangalie wapi. Kwenye kelele za mapumziko mwenzako anakusemesha upande wa kulia unasikia kitu kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Na lililo zito kuliko yote, ambalo wagonjwa wangu hunieleza machozi yakiwatoka: mtu anapita upande wa sikio bovu, anakuamkia, huitikii, anaondoka akisema siku hizi Mwalimu ana maringo. Katika jamii yetu kunyimwa "marahaba" ni jambo kubwa. Sikio moja likifa, heshima ya mtu nayo hutiwa shakani bila kosa lake.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana bila kujua tatizo lilipo huwezi kujua lipi kati ya hayo matatu lina maana.

Sauti huingia kwa tundu la sikio, inapiga kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu (nyundo, fuawe na kikuku, kama tulivyofundishwa shuleni), navyo vinaupeleka mtikisiko kwenye koklea. Koklea ni kijumba ndani ya mfupa wa kichwa, kimejikunja kama konokono, ukubwa wake haupiti sana punje ya njegere. Ndani yake mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa umeme na kuukabidhi kwa neva inayokwenda kwenye ubongo. Tatizo likiwa kabla ya koklea, tunasema njia imeziba. Likiwa kwenye koklea au kwenye neva, njia ni nyeupe ila mpokeaji hayupo.

Njia ikiziba, mara nyingi tunafungua. Nta husafishwa. Maji yaliyotuama nyuma ya kiwambo hukauka yenyewe au hutolewa kwa kijirija kidogo. Kiwambo kilichotoboka kwa usaha wa miaka mingi hushonewa kiraka cha utando wa mgonjwa mwenyewe, na kikuku kilichoganda hubadilishwa kwa kipande cha bandia. Kuna pia ngozi inayoota vibaya nyuma ya kiwambo na kula mfupa polepole, hutoa usaha wenye harufu mbaya, na hiyo lazima ipasuliwe kabla haijafika kwenye ubongo. Kwa hiyo mwenye sikio moja bovu linalotoa usaha asijihesabu kuwa kesi yake ni kama yako. Wengi wao hurudishiwa usikivu.

Lako ni la upande wa pili. Kupotea kwa usikivu ndani ya siku tatu au pungufu, bila maumivu wala usaha, pamoja na mvumo na kizunguzungu, ndiyo sura ya uziwi wa ghafla wa koklea. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Tunashuku virusi, tunashuku mshipa mdogo wa damu unaolisha koklea kuziba, na kwa wachache tunakuta kitu cha kushika mkononi. Dawa yake ni steroidi, kwa kawaida vidonge vya prednisoloni kwa wiki moja hadi mbili kisha vinapunguzwa, na huwa na nguvu zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za kwanza. Vidonge visipofaulu, daktari anaweza kudunga steroidi kupitia kiwambo mpaka nyuma yake, na hilo lina maana mpaka kama wiki ya sita. Penye vyumba vya oksijeni ya shinikizo, kama vile wanavyotumia wazamiaji, hiyo nayo huongezwa juu ya steroidi katika majuma hayo ya mwanzo.

Wewe uko mwezi wa nne. Sitakuficha: dirisha hilo limefungwa, na atakayekuuzia steroidi leo anakuuzia kisukari na vidonda vya tumbo. Ila nakuomba usijilaumu, wala usimlaumu mumeo. Sikio lililokufa kabisa siku ya kwanza, tena kwa kizunguzungu, ni lile ambalo hata likiwahiwa mara nyingi hupona kidogo au halirudi kabisa. Huenda ungepewa dawa siku ile ile ukabaki hapa hapa ulipo.

Nalisema hili kwa sauti kwa ajili ya wengine wanaosoma, na hasa matabibu wenzangu wa zahanati. Mtu akija na sikio lililoziba ghafla, mwangalie ndani. Kama hamna nta, usimpe matone ya nta. Mwambie afumbe mdomo, avume "mmmm" kama anayeitikia. Akisikia mvumo wake umehamia sikio bovu, njia imeziba. Ukihamia sikio zima, mpokeaji ndiye aliyeondoka, na huyo asilale hapo, apewe rufaa siku hiyo hiyo. Jaribu mwenyewe sasa: ziba sikio kwa kidole uvume, utausikia mvumo ukihamia upande uliouziba. Daktari wa masikio hufanya jambo hilo hilo kwa uma wa chuma unaolia, ila sauti yako ni ya bure na huwezi kamwe kuisahau nyumbani.

Nirudi kwako. Katika maelezo yako kuna kipimo ambacho sikukiona, nacho kinatangulia vifaa vyote: MRI (picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya masikio ya ndani na ya njia ya neva. Kwa wagonjwa wachache, kilichoanza kama uziwi wa ghafla huwa ni uvimbe ulioota kwenye neva inayobeba kusikia na mizani ya mwili. Si saratani, na hukua polepole, mara nyingi milimita moja au mbili kwa mwaka, wakati mwingine haukui kabisa. Wengi huangaliwa tu kwa picha za mara kwa mara. Lakini ukiachwa bila kujulikana mpaka ukawa mkubwa, hubana shina la ubongo. CT ya kawaida, yaani picha ya vipande ya eksirei, huweza kuupita ukiwa mdogo, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kipimo kwa sababu ya bei. Omba rufaa ya Muhimbili au hospitali nyingine yenye MRI na daktari wa masikio, na siku hiyo hiyo upimwe kaswende, VVU na sukari, kwa kuwa kaswende ni mojawapo ya vyanzo vichache tunavyoweza kuvitibu hata kwa kuchelewa. Kabla hujaingia kwenye mashine, omba pia odiogramu mpya (mchoro wa kipimo cha usikivu) pamoja na kipimo cha kuelewa maneno, si cha kusikia milio peke yake. Kama bado umebaki na usikivu fulani na unaelewa maneno, mambo yote ninayoeleza hapa chini yanabadilika: shimesikio la kawaida (kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni) likipangwa vizuri linaweza kukutosha. Kama hakuna kilichobaki, soma mbele.

Kuhusu mafuta. Nakusihi usiyatie. Sisemi hivyo kwa kudharau dawa zetu za asili. Nakuomba tu ufuate njia nayo. Tone likiingia linakutana na kiwambo, na kiwambo kizima hakipitishi. Hata kingetoboka, nyuma yake kuna chumba cha hewa, na nyuma ya hicho kuna mfupa mgumu kuliko mifupa yote ya kichwa, na koklea imo humo ndani. Hakuna mafuta yanayofika. Chembe zilizokufa mle hazichipui kwa binadamu. Kuku huzichipua. Ndiyo, kuku wako wa uani akiharibikiwa na chembe zake za kusikia huota nyingine, na kwa zaidi ya miaka thelathini wanasayansi wanajaribu kujifunza siri yake bila kufika kwenye dawa ya kumpa mtu. Siku ikipatikana, haitaanzia kwenye chupa ya mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Wale wanaosema mafuta yaliwaponya hawadanganyi: baadhi ya wenye uziwi wa ghafla hupona wenyewe katika wiki mbili za kwanza, na chochote ulichokuwa unatia wakati huo ndicho kinachopata sifa.

Vile vifaa vya bei nafuu vya mtandaoni navyo vina kasoro ya aina hiyo hiyo. Vinakuza kila sauti bila kuchagua. Ukikiweka kwenye sikio lililokufa ni sawa na kumpigia kelele mtu aliyetoka nyumbani. Ukikiweka kwenye sikio zima unaliumiza hilo moja ulilobaki nalo.

Sasa tuje kwenye vinavyofanya kazi. Ni vya namna mbili, na tofauti yao ndiyo kiini cha jibu langu. Namna ya kwanza huiba sauti upande uliokufa na kuivusha mpaka upande mzima. Namna ya pili hujaribu kulirudisha sikio lenyewe. Muuzaji hatakueleza tofauti hiyo, kwa hiyo ishike.

Kichwa chako ni kizito, na sauti nyembamba haikizunguki vizuri. Sauti ikitoka kulia kwako, ikifika sikio la kushoto imeshapungua kwa desibeli kama 15 hadi 20 kwenye zile sauti za juu, na hizo ndizo zinazobeba s, f, sh, th, k na t. Mtoto aliye kulia kwako anasema "sita", wewe unapata "ia". Hicho tunakiita kivuli cha kichwa. Jambo la pili ni mwelekeo. Masikio mawili hupokea sauti moja kwa tofauti ya muda isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ubongo unajua bodaboda inatoka wapi. Jambo la tatu ni kelele: ukiwa na masikio mawili ubongo unaweza kumchagua mtu mmoja katikati ya umati, ukiwa na moja kila kitu huja kwenye mfuko mmoja.

Vifaa vya kuvusha hutibu la kwanza tu. Havitibu la pili, kwa sababu kila kitu bado kinapokelewa na sikio moja. Nisamehe nikilirudia: mtu yeyote akikuambia kwamba kifaa cha kuvusha kitakuonyesha sauti inatoka wapi, amekosea.

Cha kwanza katika jamii hiyo wataalamu hukiita CROS. Wazo lake lilitoka Marekani mwaka 1965. Unavaa vipande viwili: cha kulia kina kipaza sauti, hakikuzi chochote, kinatuma bila waya mpaka cha kushoto, nacho kinaiweka sauti kwenye sikio zima huku tundu likiachwa wazi. Hakuna kisu, hakuna damu, na ukikichoka unakivua. Darasani kitakusaidia kwa yule mtoto wa kulia. Kwenye sherehe ambapo spika ziko kulia kitakusumbua, maana kitachukua kelele ambazo kichwa chako kilikuwa kinazikinga na kuzimwaga kwenye sikio lako zuri, kwa hiyo hapo unakizima. Unanunua vifaa viwili, kwa hiyo bei yake ni kama ya shimesikio mbili, na ndiyo maana nasisitiza ujaribu kwanza. Mwombe mtaalamu wa usikivu akuazime wiki kadhaa, uende nacho darasani, sokoni na ibadani, na masharti ya kurudisha yaandikwe. Joto la Korogwe na jasho ni adui wa vifaa hivi. Kila usiku kiweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, na kabla hujalipa uliza betri zake zinapatikana wapi.

Cha pili hupita kwenye mfupa, na historia yake naipenda. Katika miaka ya 1950 huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya titani. Alipotaka kuving'oa vikagoma: mfupa ulikuwa umeshikamana na chuma kana kwamba ni chake. Kutokana na hilo tukapata meno ya kupandikiza, na mwaka 1977 mjini Gothenburg, akiwa na Anders Tjellström, parafujo ya titani ya milimita chache ikawekwa nyuma ya sikio la mgonjwa na kifaa cha kusikia kikapachikwa juu yake. Kifaa kinatikisa mfupa wa kichwa, mtikisiko unavuka fuvu lote, unafika kwenye koklea nzima ya upande wa pili. Kwa mtu mwenye usaha sugu ambaye hawezi kuziba tundu la sikio, kifaa hiki ni neema. Kwa mtu kama wewe kinafanya kazi ileile ya CROS, kwa njia nyingine. Upasuaji wake ni mdogo, ila ngozi inayozunguka parafujo inahitaji kuoshwa kila siku, na mara kwa mara huvimba au kuota usaha, hasa kwenye jasho. Kuna mifumo mipya ambayo kila kitu hukaa chini ya ngozi na kushikwa kwa sumaku. Jambo zuri ni kwamba unaweza kukijaribu bila kukatwa: kifaa kilekile hufungwa kwenye mkanda wa kichwani, na chini ya ushungi au kilemba hakionekani hata kidogo. Asiyefurahia mkanda hatafurahia parafujo. Simpasui mtu ambaye hajavaa mkanda kwanza.

Namna ya pili ni hiyo aliyoisikia dada yako, na yuko sahihi kwamba ipo. Ni kipandikizi cha koklea. Daktari hufungua mfupa nyuma ya sikio na kuingiza uzi mwembamba wenye vituo vya umeme ndani ya konokono ile. Nje unavaa kifaa kinachopokea sauti na kuituma kupitia ngozi kwa sumaku. Uzi huo unafanya kazi ya zile chembe 15,000 zilizokufa: unaichokoza neva moja kwa moja. Hiki ndicho kifaa pekee kinachompa ubongo masikio mawili tena. Baadhi ya wagonjwa hurudi kujua sauti inatoka upande gani, si kwa usahihi wa zamani, lakini kwa kiasi cha kumwokoa mtu barabarani.

Kwa miaka mingi kilikuwa cha watu wasiosikia masikio yote mawili. Kisha madaktari wa Antwerp, Ubelgiji, walikipandikiza kwa watu wenye sikio moja lililokufa lenye mvumo usiovumilika, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba mvumo ulipungua sana. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaruhusu kipandikizi kwa uziwi wa upande mmoja kuanzia umri wa miaka mitano. Kwa hiyo si majaribio ya gizani. Hapa kwetu, Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017, ikianzia kwa watoto wasiosikia kabisa, na naona ni haki kwamba mtoto ambaye bila kifaa hatajifunza kuzungumza apewe nafasi mbele yangu na yako.

Mambo manne uyajue kabla hujamjibu dada yako. Neva lazima iwepo, na MRI ileile niliyokuambia ndiyo itakayoionyesha, kwa hiyo kipimo kimoja kinajibu maswali mawili. La pili, sauti ya siku ya kwanza si sauti ya mtu. Wagonjwa husema ni kama katuni, au redio iliyo kando ya stesheni, na inachukua miezi ya mazoezi, ukisikiliza kwa sikio hilo peke yake, mpaka ubongo uipatanishe na ya upande wa pili. Wanaokiacha kabatini ni wale walioambiwa kwamba wataamka wakisikia. La tatu ni gharama: inafika makumi ya mamilioni ya shilingi, na baada ya upasuaji kuna kurekebishwa kwa kompyuta mara kwa mara, betri, na kifaa cha nje kitakachochakaa baada ya miaka. Ukipasuliwa Muscat, nani atakirekebisha ukiwa Korogwe? Swali hilo inabidi dada yako alijibu kabla ya kuuliza bei ya tiketi. La nne, utachanjwa dhidi ya pneumokoka (bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo) kabla ya upasuaji, kwa sababu kipandikizi huongeza kidogo hatari ya homa ya uti wa mgongo.

Na kuna suala la muda. Kipandikizi hufanya vizuri zaidi kwa sikio lililokufa karibuni kuliko lililokaa kimya miaka mingi, kwani ubongo ukikosa habari za upande mmoja hugawa kazi hiyo kwingine. Miezi minne ni michache. Huna haja ya kukopa wiki hii, ila usikae miaka kumi ukingoja pia.

Ungekuwa mdogo wangu wa kuzaliwa ningekuambia hivi. MRI kwanza. Ikiwa safi, jaribu CROS na mkanda wa mfupa, kila kimoja kwa zamu, mwezi mzima wa shule. Kama shida yako kubwa ni watoto wa upande wa kulia, na kimoja kati ya hivyo kinakutuliza, baki nacho. Kama shida yako kubwa ni mvumo unaokunyima usingizi na kupotea kwenye kelele, basi vifaa vya kuvusha havitakufaa sana, na hapo ndipo nitakaa nawe tuzungumze kwa uzito juu ya kipandikizi. Na kama umejaribu vyote ukaona unaishi vizuri bila chochote, hilo nalo ni uamuzi kamili. Wagonjwa wangu wengi wameufikia, na sijawahi kuwaona kama walioshindwa.

Mvumo wenyewe hauna kidonge. Usinunue vya mitishamba vinavyotangazwa kwa ajili yake. Adui yake ni kimya, kwa hiyo usilale kwenye chumba kimya: feni, au redio kwa sauti ya chini sana, ikupe kitu kingine cha kusikiliza. Kizunguzungu kikikurudia unapogeuka haraka, tembea kila siku huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto. Vidonge vya kizunguzungu kama sinarizini vilikufaa zile siku mbili. Ukivimeza kwa miezi vinauzuia ubongo kujifunza mizani upya.

Wakati unasubiri rufaa, kuna ya kufanya kesho asubuhi bila senti. Darasani simama mbele kwenye kona, ukuta uwe kulia kwako na watoto wote wawe kushoto. Waambie kwamba sikio lako moja ni gonjwa, na kwamba anayetaka kusema anyooshe mkono kisha asimame. Watoto huelewa jambo hili kuliko watu wazima. Kwenye gari dogo dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo ukikaa mbele umempa sikio bovu. Kaa kiti cha nyuma yake, sikio bovu liangalie dirisha. Barabarani tahadhari zaidi ya mtu mwingine yeyote: magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukishuka tu kutoka ukingoni gari la kwanza hutokea kulia kwako, yaani upande usiosikia. Usivuke kwa masikio. Geuza kichwa chote, kila mara, hata kwenye njia ya baiskeli. Usiku, kama una mtoto mdogo au unamtunza mgonjwa, usilalie sikio la kushoto.

Sikio hilo la kushoto sasa ni mali ya kulindwa. Hakuna pamba ya kijiti, hakuna njiti ya kiberiti, hakuna ukucha. Likiuma au kutoa maji, hospitali siku hiyo. Kwenye harusi kaa mbali na spika. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuua chembe, na spika za mnuso hupita hapo kwa mbali. Kila utakapolazwa kwa ugonjwa wowote, mwambie daktari kabla hajaandika dawa: "Nina sikio moja tu." Sindano za jamii ya gentamisini zinaweza kuharibu koklea, na mara nyingi ipo dawa nyingine ya kuchagua.

Ombi moja, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Katika darasa lako huenda yumo mtoto aliyeugua matubwitubwi, surua au homa ya uti wa mgongo, akapoteza sikio moja bila mtu kujua. Mtoto halalamiki, kwake dunia ndivyo ilivyo. Ni yule anayegeuza kichwa upande mmoja tu unapoita, anayefanya vizuri akikaa kona fulani na kuharibikiwa ukimhamisha, anayebadilisha simu sikio haraka. Anaitwa mtukutu au mzito. Mweke mbele, sikio zima likuelekee, na mwambie mzazi ampeleke kupimwa.

Rufaa ikiandikwa, hakikisha karatasi inasema "uziwi wa ghafla, sikio la kulia, MRI ya njia ya neva ya kusikia", isiseme "MRI ya kichwa" tu, maana picha ya jumla hukata vipande vinene na uvimbe mdogo hupotea katikati. Bima yako waulize mapema, kwa maandishi, wanalipia nini katika MRI na katika kifaa. Majibu yakitoka niandikie tena, uambatanishe odiogramu ya sasa na ile ya wiki ya sita, ili nizione zote mbili pamoja.